Raketi ya Kaboni

Karani wa tiketi za gari la moshi alicheza pingpongi kama alivyopiga muhuri: polepole, mpira akiusindikiza kwa macho hadi ufike. Kila jioni, katika ukumbi wetu wa wafanyakazi wa reli, yeye na Mukendi, fundi wa injini, walirudishiana mpira bila haraka, midomo ikichezacheza. Mtu wa chama tawala, aliyeketi mlangoni kusikiliza watu, aliambulia tok-tok tu.

Jumamosi moja karani alikuja na raketi mpya ya kaboni, zawadi ya shemeji yake aliyeko Ubelgiji. Aliinusa, akaigonga kwa ukucha, akapiga. Mpira ulipita kama risasi. Mukendi hakuwahi hata kuinua mkono. Wa pili vilevile. Watu wakashangilia, isipokuwa karani mwenyewe, aliyekuwa akimtazama Mukendi akiinama kuokota mpira na kukawia kuinuka.

“Iko muzuri, ndugu yangu,” Mukendi akasema. “Lakini na hii tutamaliza mbio sana.”

Karani akaiweka chini, akachukua ile ya zamani, yenye mpini uliofungwa kitambaa. Tok-tok ikarudi. Mimi nilikuwa nikihesabu pointi kando ya wavu, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini: “Mutoto wako, wamemufungula ku gereza?”

“Bado,” Mukendi akajibu, akarudisha mpira.