Neno "Anon" na Paa Langu

Mume wangu alifariki Aprili 1962. Januari 1963, nikiwa na miaka thelathini na minne, niliingia darasa la watu wazima pale Sindo. Paa la nyumba yangu lilikuwa limeanza kuvuja. Kwa mila yetu Waluo, mjane huezekewa na yule anayemrithi. Mimi nilikataa kurithiwa, nikamwomba shemeji yangu aniezekee hivyo hivyo.

"Nitakuja mara moja, shemeji," alisema.

Darasani, katika Biblia ya Kiingereza, tulikuta neno "anon". Mwalimu alieleza kwamba kale lilimaanisha "katika hali moja", kisha likawa "papo hapo". Watu wakazoea kulitamka huku wameketi, likalegea likawa "punde", na sasa Waingereza wenyewe wameliacha.

"Nani aliliua?" niliuliza.

"Waliokuwa wakiahidi, mama," alijibu, na darasa likacheka.

Mimi sikucheka. Machi 1964 nilimkumbusha shemeji, akasema atakuja karibuni. Machi 1965 alisema, "Tutaona. Una haraka gani, nawe umekataa mwanamume?" Baada ya hapo hakunijibu tena.

Mvua ya Aprili 1966 iliangusha paa upande wa kitanda. Nyasi nilikuwa nimekata, na kupanda ngazi naweza, lakini mjane akijiezekea mwenyewe, boma zima humtenga. Niliweka vitabu vyangu ndani ya chungu, nikakifunika, nikahamia jikoni. Desemba 1969 nilikuwa bado nalala humo.