Mgeni Asiyejulikana na Mtu

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi moja hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Mbele yangu alisimama jirani yangu, mgeni mrefu kutoka Ulaya, fundi wa majenereta. Alikuwa anaomba karatasi ya ukaazi.

"Nitajie watu wawili wa mtaani wanaokujua," akasema karani.

Mgeni akainamisha kichwa, akamwita karani "mkuu" kwa Kireno. "Nina miezi tisa hapa, chefe. Hakuna anayenijua."

Foleni nzima ilikasirika.

"Hakuna?" mama wa maandazi akapiga makofi. "Kila asubuhi ananunua matano, la tano anampa paka!"

"Alipoharisha nilimpeleka hospitali mimi," akadakia kijana wa pikipiki.

"Na uji nilimpikia mimi!" bibi mmoja akamsukuma kwa kiwiko.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapaza sauti kwamba huyu bwana huimba akioga, tena vibaya. Mgeni alikuwa mwekundu kama pilipili.

Karani akagonga meza. "Vizuri. Jina lake nani?"

Tukatazamana.

"Jina la nini," akafoka bibi, "na mwenyewe si huyu hapa?"

Karani akashusha pumzi, akawaandika bibi na mama wa maandazi. Kwenye fomu, palipoulizwa wanamjuaje mwombaji, akajaza: uji, maandazi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umemsikia akiimba miezi tisa na hujawahi kumpigia hodi," akasema bila kuinua macho. "Humjui. Anayefuata!"