Mwizi wa Kondoo na Mjomba Ndirangu

Karatasi ikitoka na joto kwenye printa hapa ofisini kwetu Plymouth, ile harufu ya wino hunirudisha sebuleni kwa Mzee Gerald, kule Saint Paul, mji wa jirani, nikiwa na miaka kumi, nami huiacha hapo hapo nikatoka nje. Wenzangu hudhani nachukia kazi. Kazi sina ugomvi nayo.

Mama alikuwa akimhudumia Mzee Gerald nyumbani kwake: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia ile supu yake isiyo na chumvi. Jumamosi baba alikuwa kazini na kaka zangu wawili mpirani, kwa hiyo mama alinipakia mimi, binti yake, garini kutoka kwetu Blaine, akinionya njia nzima nisiguse kitu cha watu. Bila shaka niligusa. Mzee macho yalikuwa yamemwisha, ana kompyuta, ana printa, na ana marehemu wa kumtafuta. Mimi nilikuwa na macho mazuri. Tulielewana siku hiyo hiyo.

Marehemu mwenyewe aliitwa Cornelius, kijana wa Ireland, kaka wa mama wa nyanya yake Mzee Gerald. Wakati wa njaa aliiba kondoo mmoja. Waingereza wakamtia pingu, wakampakia melini na kumpeleka koloni lao huko Australia akavunje mawe miaka saba. Hakurudi. Mzee alikuwa akiagiza kwa kompyuta nakala za makaratasi ya Cornelius, moja moja. Mimi nazisoma, printa inatoa, naye anazishika zingali na joto kama mtu aliyepewa mkate. Iliyonikaa kichwani ni hati ya gereza, kwa sababu makarani wale walimkagua kijana wa watu kama ng'ombe wa mnada: futi tano na inchi nne, macho ya kijivu, alama za ndui usoni, kovu kwenye kidole gumba cha kushoto. Niliposoma hilo la kovu Mzee alilia, machozi ya kweli kweli, akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Sasa ninamjua," alisema.

Nasi tulikuwa na mtu wetu. Mjomba Ndirangu, kaka wa pekee wa mama, alikaa nasi Blaine, chumba cha chini, tangu nikiwa mchanga. Ndiye aliyenifundisha kuvaa buti za theluji. Ndiye aliyenipikia chapati mama akiwa zamu, na mkononi alikuwa na kovu la mafuta ya moto alilolipata siku nilipomrukia mgongoni akiwa jikoni. Kisha akakamatwa akiendesha gari amelewa, mara ya pili, na kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha zamani. Alirudishwa Kenya bila hata kuja kuchukua nguo zake. Mama alizitia nguo hizo pamoja na picha zake zote katika mifuko ya takataka, kisha akatuketisha mezani.

"Mkiulizwa church, uncle amehamia Texas. Amepata job huko. Mmeskia?"

Tulisikia. Akina mama wa kanisani walipouliza, niliwajibu kwa Kiingereza safi kwamba Texas kuna joto sana. Nitawaambieni ukweli, nilikuwa mwongo hodari, na nilijivunia.

Jumamosi moja mama akiwa mjamzito wa miezi minane, Mzee alipata rejista ya ubatizo ya kijijini kwao. Akaniomba nimsomee watoto wote wa dada yake Cornelius. Alinieleza kwamba zamani kwao majina ya watoto hayakuchaguliwa. Yalifuata foleni, babu huyu, babu yule, kisha ndugu za wazazi. Niliruka kwenye kiti. Hata sisi! Kwetu Wakikuyu mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, halafu ndugu wa baba na wa mama. Nikamsomea orodha polepole. Wavulana saba, na Cornelius hata mmoja hakuna.

"Walimruka," Mzee alisema, akagonga meza. "Dada yake mwenyewe. Walimwonea aibu."

"Ni watu gani wanaweza kumfanyia hivyo ndugu yao?" niliuliza, nimekasirika kabisa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha dawa. Alimpa Mzee dawa yake. Ndani ya gari ndipo aliposema, macho barabarani: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Usimuulize-ulize client wangu maswali, nitapoteza job."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, mvulana wa tatu kwetu. Baba hakuwa na ndugu wa kiume, kwa hiyo zamu ilikuwa ya Mjomba, na kila mtu nyumbani alijua. Akina mama wa kanisani walikuja na uji na mukimo kumwona mtoto, mlangoni pakajaa buti. Simu ikalia, namba ya Kenya. Niliipokea mimi kwa kuwa mikono yangu ndiyo iliyokuwa mitupu.

"Nimeskia ni kijana!" Alikuwa Mjomba, anacheka. "Wamenifukuza na nimerudi kwa jina! Huyo hawawezi kumpandisha ndege. Haya niambie, mmemwita nani?"

Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kidogo sana, wageni wamembana kulia na kushoto.

"Ethan," nikasema. "Ethan Joshua."

"Na la kwetu nyumbani?"

"Just Ethan, Uncle."

Alilirudia jina hilo mara moja. "Sawa," akasema. "Ni jina poa. Mpige busu kwa kichwa."

"Ni nani huyo?" mama mmoja aliuliza.

"Ni uncle. Yuko Texas."

"Mwambie atutumie jua!" wakacheka wote, na mama akacheka nao.

Hakupiga tena, na sisi hatukumpigia. Nilipokuwa chuoni tuliambiwa amefariki huko Kenya, Nyahururu. Mama alichukua siku moja ya mapumziko, akarudi kazini. Kanisani hatukutangaza, maana tungesema anazikwa wapi, Texas?

Mwaka huu nilijaribu kumtafuta kwa njia aliyonifundisha Mzee Gerald. Picha hakuna. Barua hakuna. Nikampigia mama, siku hizi anakaa Woodbury, nikamuuliza lile kovu la Mjomba lilikuwa mkono gani.

"Kovu gani?" akasema.

Wala mimi sikumbuki. Mwizi wa kondoo asiyenihusu kwa lolote, najua hadi kidole chake. Mtu aliyeungua kwa sababu yangu, sijui mkono. Utotoni nilidhani kumruka ndugu ni kazi ya watu wakatili. Sikujua inaweza kufanywa sebuleni, watu wakinywa uji. Mahali fulani katika ofisi za serikali faili la Mjomba lipo, na ndani yake urefu wake na alama zake zote, kwa maana walimkagua kabla ya kumpandisha ndege. Siku moja mjukuu wa Ethan, mwenye pesa na wakati, atalifungua, atalia, na atauliza ni watu gani waliomfanyia hivyo ndugu yao. Mmoja wao alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyeshika simu.