Biladoa Ampeleka Mwanawe Kubatizwa

Kuna watu na viatu, halafu kuna dobi mmoja waliyembatiza jina la Biladoa. Shati lake la Jumapili lilikuwa jeupe la kuumiza macho, limetiwa wanga mpaka ukilivua linasimama lenyewe. Ukimpelekea nguo chafu, aliinyanyua kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akauliza, "Nani kafanya hivi?" Hapokei mpaka useme. Watu wazima na ndevu zao walisimama mbele ya meza ya pasi wakiungama mchuzi. Kina mama wenye shuka za watoto wachanga ndio waliokiona cha mtema kuni, maana hao waliongezewa na mawaidha.

Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Biladoa naye akapata binti, mnene, mcheshi, mwenye tumbo lisilojua siku ya kazi wala ya ibada.

Siku ya ubatizo ilipokaribia, dobi wetu akajiapiza kwamba mwanawe atafika mbele za Mungu bila doa hata la dawa. Msicheke, aliogopa kwelikweli. Moyoni aliamini kwamba Mungu naye ana meza yake na mwanga wake wa mlangoni, na swali ni lile lile. Basi gauni la ubatizo akalifua, akalirudia, akalipiga pasi mpaka mkewe akamuuliza kinachobatizwa ni mtoto au gauni. Asubuhi yenyewe akamsihi mama wa watu asinyonyeshe mpaka ibada iishe. Mkewe akakaa kitako, akamnyonyesha mtoto mpaka akalewa.

Kanisani Biladoa alimbeba bintiye kwa mikono iliyonyooka, mbali na kifua, kama mtu aliyebeba sufuria la maji moto, ili gauni lisijikunje. Wimbo wa kabla ya ubatizo ulikuwa unaelekea mwisho iliposikika sauti, na haikuwa ya kinanda. Nepi ilifanya ilichoweza. Masikini, ilizidiwa. Gauni likaloa mgongo mzima mpaka kwenye mkono, na mtoto akaangua kilio.

Mkewe aliponyanyuka kusaidia, mume hayupo. Alikuwa kishafika nyuma ya kanisa, kwenye bomba, anamwosha mwanawe huku akimbembeleza kwa maneno ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyasikia kwake. Maji yalikuwa baridi na mtoto akaanza kutetemeka. Biladoa akavua lile shati, akamviringisha ndani yake, akamkumbatia kifuani. Hapo hapo wakaitwa.

Aliingia na fulana ya ndani yenye matundu, ile aliyoivaa miaka yote kwa imani kwamba hakuna atakayeiona. Kanisa zima likamkodolea macho. Kutoka viti vya nyuma mzee mmoja, aliyewahi kuungamishwa mchuzi wa shati lake, akauliza taratibu, "Nani kafanya hivi?" Mbona waliangua kicheko, hata kwaya ikashindwa kujizuia.

Biladoa alifika mbele amenywea. Alikuwa na hakika kwamba watamrudisha.

"Mchungaji, nilitaka kumleta msafi," alisema. "Imenishinda."

"Ulipomwona amechafuka, ulimuuliza nini?"

Biladoa akafikiri. "Sikumuuliza kitu. Alikuwa analia, nikamshika."

"Na wewe Mungu alikushika hivyo hivyo," mchungaji akamwambia. "Hukwenda kwake umepigwa pasi. Mlete."

Machozi yakamtoka mwanamume mzima, kwa sababu tangu utoto wake alikuwa anajisugua ili apendwe, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tayari anapendwa. Akamtoa mtoto kifuani, akamkabidhi.

Mtoto alibatizwa vizuri, akatulia, akamtabasamia mchungaji. Sasa kumbukeni kwamba ndani ya shati lile hamkuwa na nepi. Joho jeupe la mchungaji, alilolinyoosha Biladoa mwenyewe jana yake, likaanza kubadilika rangi kuanzia tumboni kushuka chini. Kila mtu alimtazama dobi, akisubiri lile swali.

Biladoa alijifuta macho kwa mkono, akampokea bintiye.

"Lilete kesho, Mchungaji," akasema. "Sitauliza."