Siku Mama Mkwe Alipopotea Magego

Mama mkwe wangu haogopi kitu. Ndivyo nilivyoambiwa nilipoolewa Minjila, kando ya mto, na kwa miaka minne sikuona cha kubishia. Mafuriko yamebomoa nyumba yake mara tatu, na mara zote tatu alirudi na jembe kabla tope halijakauka. Kuna mamba aliyewahi kumpokonya ndoo mtoni. Mama alimtukana kwa Kigiriama mpaka wanawake wenzake wakaziba masikio. Ni mwanamke mfupi, mkaidi, asiyeniamini hata kutia chumvi kwenye mchicha.

Kwenda Magego lilikuwa wazo langu, simtupii mtu lawama. Magego ni jangwa lililo magharibi, mwendo wa saa mbili na nusu kwa pikipiki, ambako mawe ya chokaa yamesimama wima kwa mamia, meupe, mengine marefu kuliko nyumba. Nilikuwa nimeona picha zake kwenye simu. Nikamwomba Mahmud, mfugaji wa Kiorma mwenye pikipiki anayetubebea magunia ya mpunga, anipeleke Jumamosi, siku ambayo sifundishi. Mama mkwe akasikia. Mume wangu, Randu, yuko Mtwapa kwa kazi ya ujenzi.

"Mke wa mwanangu haendi porini na mwanamume peke yake," alisema, akavaa kandambili zake. Tukaenda watatu, yeye katikati yangu na Mahmud kama ukuta.

Tulifika saa nne. Nilipiga picha mpaka nikachoka. Yeye alisimama tu, kashika leso kifuani, anageuza shingo huku na huku.

"Hapa hapana mto," alisema.

Nikacheka. Kwake kila kitu duniani kiko juu ya mto au chini ya mto, na sikufikiri mtu asiye na mto hana pa kuanzia kutafuta njia.

Saa tano akataka kujisaidia. Mahmud, kwa heshima zake, alikuwa ameshageuka. Haikutosha. Mama akaenda nyuma ya jiwe la kwanza, akaona bado anaonekana, akaenda la pili, kisha sijui la ngapi. Chupa ya maji ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Ilipita nusu saa. Nikaita, "Mama!" Mawe yakanirudishia, mama, mama, mama, kila upande, na hakuna hata sauti moja iliyokuwa yake. Nilikimbia nikitafuta nyayo. Ardhi ile ni ngumu, haishiki nyayo.

"Mwalimu, simama!" Mahmud alinivuta mkono. "Wewe pia napotea. Ng'ombe yangu mbili naingia hapa, mimi hapana ona tena."

Alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa pikipiki ili tusipoteze mahali. Akaenda kulia, mimi kushoto. Nilimsikia akiita, "Mama Randu! Mama Randu!" kama anavyoitwa na Minjila nzima.

Saa sita ikapita, na saa saba. Nilishamwona kichwani mwangu, amelala mahali, midomo imepasuka. Nilifikiria simu nitakayompigia Randu, nikakosa neno la kuanzia. Niliogopa kuliko siku niliyojifungua, na siku ile nilipiga kelele mpaka nesi akanifokea. Niliita mama mpaka koo likauma.

Sasa, katika ukoo wa Randu, mke hamtaji mama mkwe jina. Hata kwa mzaha. Kliniki waliponiuliza jina la nyanya wa mtoto, nilimwomba jirani anisemee. Lakini saa ile sikukumbuka ukoo wala kliniki. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Kahaso! Kahaso wa Mangi!"

"Ee!"

Sauti yake ilikuwa karibu, hatua kama thelathini. Nikakimbilia huko. Alikuwa amejikunyata kwenye ufa kati ya mawe mawili, leso ameibana mdomoni, macho mekundu. Nilimpa maji. Aliyanywa kwa pupa hata mengi yakamwagikia kifuani. Nilipoona amemeza, hasira zikanipanda.

"Masaa mawili nakuita! Mbona huitiki?"

"Nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Kila mara. Ilitoka kila upande, Stacy. Ilitoka hata juu." Alifuta midomo. "Bibi yangu alinikanya. Porini ukisikia sauti inakuita mama, nyamaza. Kila kitu kinajua kusema mama. Itika ikitaja jina ulilopewa na baba yako."

"Na Mahmud? Si amekuita Mama Randu?"

"Randu ni jina la mwanangu. Si langu."

Nikapiga magoti. Ndipo iliponijia nilichokuwa nimefanya. "Nisamehe, mama. Nimekutaja."

Alikuwa akiyatazama mawe, na aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia.

"Nilikaa hapa nikitafuta nani atakayenitaja. Baba hayupo. Mama hayupo. Dada yangu Kadii tumemzika juzi juzi tu. Mume wangu, hata usiku wa kufa kwake, aliniita Mama Randu. Nikaona hakuna. Wote wa kuniita jina langu nimeshawazika. Nikasema basi, nitakufa hapa."

Tulimsikia Mahmud akiita tena kwa mbali, na mawe yakirudisha, na mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia.

"Twende," alisema. "Lakini usinyamaze. Nitaje mpaka tufike kwenye pikipiki."

Niliona haya, ila nilimtaja, kwa sauti ya chini, jiwe baada ya jiwe, na kila mara aliitika.