Mabati ya Mama

Oktoba ya Nchelenge haina huruma. Ziwa Mweru liko pale pale mbele yetu, maji hadi macho yanachoka, lakini upepo wake huja na joto na harufu ya chisense, dagaa wanaoanikwa mchangani. Miti ya kivuli mtaani kwetu iliisha zamani kwa kukaushia samaki. Ikifika saa sita mchana nyumba ya mama yangu ilikuwa tanuri.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Muuguzi alituambia waziwazi kwamba joto litammaliza, tumtafutie mahali penye ubaridi. Rahisi kusema. Mimi na dada yangu tulilowesha vitenge ziwani tukavitundika mlangoni na dirishani. Vilikauka kabla hatujaketi. Tulimwaga maji sakafuni, tukamlaza chini kwenye mkeka. Jirani alitukaribisha katika jiko lake lililoezekwa nyasi, ila moshi ulimkaba mama kifua, tukamrudisha.

Dawa tuliijua: kutandaza nyasi nene juu ya mabati na kuzifunga kwa nyavu chakavu. Wavuvi hufanya hivyo na hakuna anayewacheka. Mama alikataa katakata.

"Majani inawakaka moto," alisema, macho juu kwenye mabati. "Miye niliona nyumba yangu inawaka kule Congo. Mu kambi ya wakimbizi, tena nyumba ya majani. Hii malata nilinunua na jasho yangu. Hamutaifunika."

"Mama, ni ya Oktoba tu," dada alimbembeleza. "Mvua ikianza, tunaitosha, tunaitupa chini."

"Mvua ikianza, nataka kuisikia juu ya malata yangu."

Nilikasirika. Ningeweza kupanda tu, yeye asingeweza kunishusha, lakini utamfunikaje mama yako kwa kitu anachokiogopa? Sikio la kufa halisikii dawa, nao msemo huo ulinizunguka kichwani kila nilipobeba ndoo. Siku zile nilimchukia kidogo, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Alifariki mchana, kitenge kibichi kifuani, dada akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

Kwetu mwanamke hazikwi kabla kaka yake hajafika. Mjomba anaishi kisiwani Kilwa, humu humu ziwani Mweru, na ziwa lilikuwa limechafuka na mitumbwi haikutoka. Maiti isingengoja ndani ya tanuri lile. Wanaume waliokuja kilioni hawakuniuliza. Walileta nyasi, wakapanda, wakazitandaza tabaka nene, wakazimwagia maji ndoo kwa ndoo. Mimi mwenyewe niliwapandishia ndoo.

Kesho yake mchana niliingia ndani. Nyumba ilikuwa imepoa kama ndani ya mtungi. Dada alikaa karibu na mama, amejitanda kitenge mabegani kwa baridi. Niliona uchungu ambao sijui niuitaje: kumbe iliwezekana.

Halafu watu wa nje wakaanza kukimbilia barazani na kuvuta mikeka. Nilichungulia dirishani. Mvua ya kwanza ilikuwa inanyesha, mvua nzito, na mle ndani hakukuwa na sauti yoyote.

Dada alitazama juu, akanitazama mimi. "Mama haisikii," alisema.

Nilitoka, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda. Nilianza kung'oa nyasi upande wa kichwa cha mama, fungu kwa fungu, nikizitupa chini matopeni. Wazee walinitazama kutoka barazani na hakuna aliyenizuia. Niliendelea hadi bati likaonekana na mvua ikaanza kulipiga.