Ulimi wa Forosadi

Nilikula forosadi siku ya kupasuliwa. Nasema mapema ili mnicheke sasa, mkimaliza tuendelee. Si kwamba sikuambiwa. Sista wa wodi aliniambia mara tatu, ya tatu akiwa amenishika sikio: tangu jana jioni hakuna chakula, hakuna maji, hata mate meza polepole (hiyo ya mate nimeongeza mimi). Nilikuwa na henia, kivimbe tu, hapa chini mahali ambapo sionyeshi mtu.

Saa nne asubuhi nilikuwa bado sijaitwa, na tumbo linanguruma mpaka Mzee Koros wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa apasuliwe baada yangu na alikuwa na njaa yake mwenyewe, akaniuliza kama nimemeza trekta. Nikaenda choo. Sasa, nyuma ya choo, karibu na kamba za kuanikia mashuka, kuna mti wa forosadi, na zilikuwa zimeiva, zile nyeusi kabisa, ambazo ukizigusa tu zinakupaka. Nikasema moja. Moja si chakula. Halafu nikala ya pili ya kuisindikiza ile ya kwanza, isiogope huko ndani peke yake, na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimemaliza tawi zima.

Nikanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka midomo ikawaka. Midomo ilisafika. Ulimi ulikataa, umekuwa zambarau kama joho la askofu, na kucha vilevile. Nikaamua kitu kidogo tu: nitafunga mdomo na kukunja ngumi.

Shida ni kwamba mimi shuleni naitwa Redio. Mama alipofika kutoka mtaani kwetu, Free Area, na kitambaa chake cha kanisa na akina mama wenzake watatu, akanikuta nimenyamaza, ngumi zimekunjwa, macho chini, akadhani naomba. Alifurahi, jamani! Miaka yote alikuwa anangojea siku hiyo. Sista akaja na karatasi yake.

"Umekula kitu?"

"Mm."

"Mm ya ndiyo ama mm ya hapana?"

"Sista, muache, anaomba," Mama akaingilia. "Hajakula. Huyu ni wangu, namjua. Naapa mbele ya Mungu na hawa akina mama, hajaonja kitu."

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Sikufungua.

Yaliyofuata niliambiwa na Njuguna, dresa wa thieta, kile chumba cha kupasulia, maana mimi nilikuwa nimelazwa usingizi na ile etha yao inayonuka. "Hakuna mashine ya kutuambia hewa imebaki ngapi kwa damu," alinieleza, na alikuwa bado amekasirika. "Tunaangalia rangi. Kucha, midomo, ulimi. Zikiwa nyekundu-nyekundu, mtu yuko. Zikigeuka buluu, mtu anaenda." Basi daktari wa usingizi akanikunjua ngumi aangalie. Buluu. Akanifungua mdomo. Afadhali asingefungua.

"Simamisha! Mpe hewa! Yote!"

Mwenye kisu akasimama, kisu juu. Wakafungulia mtungi wote wa hewa, wakanipampu, wakanigeuza, na rangi ikakataa kurudi (irudi kutoka wapi, na haikuwa imeenda popote?). Njuguna akatumwa mbio alete mtungi wa pili, akapita mlangoni mbele ya Mama, na alipoulizwa akasema tu, "Amegeuka rangi, mama."

Mama akaanguka. Kitambaa huko, kiatu huku, na ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa mpaka nje kwa baraza, na wale akina mama watatu wakaanza wimbo ule tunaoimbaga makaburini.

Ndani huko nami nikatapika. Wakafyonza haraka na mpira, na Njuguna anasema hapo ndipo nilitaka kwenda kweli, kwa sababu matapishi yakiingia kwa mapafu hakuna mzaha tena. Daktari akaangalia kwa beseni, akainama, akaangalia tena.

"Damu gani hii ina vikonyo?"

Niliamka jioni na henia yangu iko palepale, haijaguswa. Mitungi yote miwili ilikuwa imekwisha, kwa hivyo Mzee Koros hakupasuliwa. Ilibidi angoje mingine itoke Nairobi, halafu aanze njaa upya. Nikamwambia pole, mzee, nikiwa nimejifunika shuka mpaka puani. Akaniangalia sana.

"Angalau zilikuwa tamu?"

Wodi nzima ikacheka, nikatamani kitanda kinimeze. Forosadi sili tena mpaka nizikwe, na nikiulizwa swali na mtu mwenye karatasi nitajibu kwa mdomo wazi, hata kama ni wa zambarau. Lakini kinachonichoma mpaka leo si kicheko cha wodi. Mama alikuwa amekaa kando yangu, kitambaa amekifunga tena lakini kimeenda upande, na kila sista alipopita yeye aliangalia sakafu. Nikatoa ulimi, zambarau imeshafifia, nimwonyeshe, nikasema (mjinga mimi, bado natafuta kicheko), "Ona, Mama, rangi imerudi."

Mama akasema, "Yako imerudi. Mimi niliyeapa, yangu bado."